Gasketi ya Jalada

Gari la mwalimu Adriko lilifika Arua likikohoa,
likipanda, likishuka, kama mtu anayehesabu akasahau.
Fundi wa Ediofe alibadili plagi. Wa Mvara akasafisha kabureta.
Pesa zilikwenda, mtetemo ukabaki.

Onzima hakugusa spana.
Alichukua kipande cha mpira wa maji,
ncha moja sikioni, la kushoto, lile linalosikia,
ncha nyingine akaitembeza juu ya injini
polepole, kama nyoka atafutaye yai.

"Ezaru, njoo. Injini hailishwi hewa, inaivuta.
Pistoni ikishuka, inaacha njaa nyuma yake,
na njaa hiyo inapanda mpaka hapa, kwenye manifoldi:
shina moja mlangoni, matawi manne ndani.
Moja, tatu, nne, mbili.
Mmoja akinywa, wenzake wana kazi nyingine.
Ila kila mmoja apate sawa. Sasa sikia."

Sss.
Uzi mwembamba wa sauti kwenye tawi la tatu:
hewa isiyopita mlangoni,
isiyobeba hata tone la petroli,
mgeni aliyeingia kwa dirisha
akala bila kunawa.

Gasketi ilikuwa imepasuka kama kisigino cha Januari.
Ijumaa, saa saba, mwenye duka la vipuri yuko msikitini.
Nikatoa daftari langu,
la shule niliyoiacha muhula wa pili,
jalada gumu, nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Onzima akalilaza juu ya chuma, akagonga kingo
mpaka matundu yakajichora kwa grisi.
Nikakata kwa wembe.
Sita mara tisa ilikatika nusu.
Saba mara nane ikaanguka mchangani.

Tulikaza nati kuanzia katikati kwenda kando.
"Mmeweka nini humo?" mwalimu akauliza.
Onzima akanitazama.
"Hesabu," nikasema.

Alicheka. Hakunikumbuka,
dawati la nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo.
Akawasha.
Chai yangu juu ya betri haikutikisika.

Jioni, nikifagia, niliokota kile kiduara.
Saba mara nane ni sawa na,
kisha ukingo wa wembe.
Jibu lilikuwa limebanwa chini ya nati,
njiani, likielekea Vurra.