Hali ya Bidhaa

Kreti tisa zilitoka Ahero zikiwa zimeshiba jua.
Lori likakatika Rabuor, rejeta ikifoka moshi,
tukalala barabarani, mimi na nyanya.
Kufika Kibuye saa nne, soko limeshanunua.

Mwaka juzi ningejua la kufanya:
kumwaga nyuma ya vibanda, uso nimeugeuza,
na korongo washuke kutoka paani,
wakitembea kama makarani
waliotumwa kuhesabu hasara yangu.
Walinenepa kwangu, wale ndege.
Nadhani mmoja alinijua kwa jina.

Leo nina programu. Kijana wa Aloo aliniwekea.
Betri, asilimia kumi na moja.
Inauliza: Hali ya bidhaa?
Chagua: Nzuri. Wastani. Mbovu.

Nazibonyeza moja moja. Simu haina pua.
Haina kisanduku cha nyanya ya leo tu,
ile ambayo saa sita ni mchuzi
na saa kumi ni nzi.
Naweka Wastani, na chini ya picha naandika:
Si za kachumbari. Ni za sufuria.
Wahi kabla ya kengele ya chakula.

Nyanya yangu (yule wa Alego, si hizi za kreti)
kila usiku alipekua kikapu kizima gizani,
akaitoa iliyolegea
kabla haijazifundisha nyingine.
Kusoma hakujua. Vidole vyake vilijua saa.
Alfajiri alisimama uani akapaaza sauti:
"Njooni mchukue! Kesho msinilaumu!"
Na boma tatu zikapika.

Asilimia sita. Simu inatetema.
Oluga, mpishi wa shule Manyatta, anataka tano.
Nataja bei. Anataja yake.
Tunabishana kwa vidole gumba, kisha tunaelewana.
Midigo wa Nyalenda, anayesaga sosi, anataka mbili,
boda iko njiani, nisimpe mwingine.

Saba.
Kisha kioo kikazima, kikanionyesha uso wangu.

Ya nane nimegawa vibanda vya jirani,
bila picha, kwa mdomo, kama Alego.
Ya tisa ilikuwa ya chini kabisa, imebeba wenzake
tangu Rabuor. Hiyo nimemwaga, siwezi kudanganya.

Korongo ameshuka. Amesimama kando, kwa adabu,
shingo ndani ya koti.
Kula, namwambia.
Lakini usizoee.