Watapita Puani

Daktari wa Mbeya alinichorea kwa kalamu ya bluu
nyuma ya karatasi ya vipimo:
huu ubongo, hii mishipa ya macho,
na hapa chini yake, uvimbe kama punje ya njegere.
Akasema kule India hawapasui kichwa,
watapita puani.

Puani!
Nilicheka hadi ndani ya basi.
Pua hii hii ninayoipenga kwa baridi ya Makete
toka Mei mpaka Agosti?

Wakala alikuja Jumapili, kiatu kinang'aa,
gari kaliacha barabarani kwa kuogopa tope.
Akatuonyesha kwenye simu hospitali
yenye bwawa ukumbini na samaki wekundu.
Mama mkwe akauliza: samaki hao ni kitoweo cha wagonjwa?
Akatabasamu. Akataja bei.
Chai ikapoa.

Usiku tukapiga hesabu, mimi na Obadia.
Mipaini ekari mbili, ina miaka sita;
mnunuzi wa mbao anataka yenye kumi na miwili.
Tukiikata leo tunauza watoto.
Viazi tukaviweka, tukavitoa, tukaviweka tena.
Ng'ombe hakuna aliyemtaja.

Kisha yakaja maneno,
ya bombani, ya kwaya, ya mnadani Tandala:
ukilala usingizi wa dawa wanakutoa figo;
kijana wa mzee Chaula alikwenda kwa miguu yake
akarudi ndani ya boksi,
na boksi likakaa siku tisa uwanjani likidaiwa.
Kijana wa Chaula alikwenda kusomea uhasibu,
pikipiki ndiyo iliyomgonga.
Najua. Nilizika naye.
Na bado nilimsimulia dada yangu vile vile,
siku tisa nikazifanya kumi na moja.

Hofu yangu yenyewe sikumwambia mtu.
Nikizinduka kule, koo limekauka,
nikaomba maji kwa Kikinga,
nani ataitika?
Na yule daktari wa kwenye picha, ana ndevu nzuri,
lakini simjui kwao.
Seremala wa kitanda changu nilimjua
mpaka deni lake la ulanzi.
Huyu nimpe kichwa?

Pasi ilitoka Juni.
Imo kwenye ndoo ya unga, ndani ya nailoni,
picha yangu imekodoa kama mtu aliyeshtakiwa.
Tusubiri kidogo, tunaambiana.
Kidogo cha kwanza kilikuwa palizi.
Cha pili, bei ya viazi ipande.
Bei ilipanda. Tukanunua mabati.

Hatari ya kwenda tuliletewa mpaka mlangoni, tukaipakulia chai.
Ya kubaki haijawahi kubisha hodi.

Juzi nilikuwa shambani, nimeinama.
Tulizo akaniita. Nikainuka, sikumwona.
"Mama, niko hapa."
Nikazungusha kichwa chote, kama bundi,
kumbe alisimama kushoto kwangu, hatua moja,
kikombe cha maji mkononi,
na mkono umeshachoka.
Nikamwambia nilikuwa nawaza.

Nimeyanywa yale maji nikiitazama mipaini yetu.
Mistari ya katikati naiona vizuri, miwili, labda mitatu.
Ile ya kando
naihesabu kwa kukumbuka.