Ampea Thelathini

Nguzo ya umeme inanifika kiunoni:
kisanduku cha bati, soketi, swichi nyeusi,
na mtu ameandika juu yake kwa kalamu nene: 30.
Hiyo ndiyo riziki yetu ya Oktoba,
kambi ya wavunaji wa viazisukari, Dakota ya Kaskazini,
trela ishirini na mbili kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe,
na baridi imefika kabla ya mshahara.

Hita, kumi na mbili na nusu.
Maji ya kuoga, kumi na mbili.
Kahawa ya Gus, nane, na haijui kusubiri.
Maikrowevu ni mwongo: imeandikwa wati elfu moja,
inakula ampea kumi na tatu.
Nimejumlisha nyuma ya risiti ya dizeli,
nikajumlisha tena,
kila mara kuna mmoja anayelala njaa.

Usiku wa kwanza hatukujumlisha.
Alitoka zamu, udongo hadi nyusini,
akabonyeza dakika tatu za supu
nami nimeiatamia hita kama kuku.
Tak.
Si mlio mkubwa. Ulimi ukigonga kaakaa.
Friji ikanyamaza, feni ikashusha pumzi,
na sisi, miaka thelathini na tisa ya ndoa,
tukaulizana gizani kwa sauti moja:
Umewasha nini?

Ugomvi ule haukuwa wa supu.
Ulikuwa wa nyumba tuliyoiuza Nebraska,
sahihi yake iliyotangulia yangu,
kinanda cha mama kilichobaki barazani kwa mnunuzi.
Alitoka nje. Nikamsikia akiilazimisha swichi,
juu, juu, nayo inamkatalia.

Akaja Ottilie Vang wa trela ya saba,
taa kichwani, koti juu ya nguo ya kulalia.
"Unaisukuma kutoka katikati," alimwambia.
"Ikiruka haijazima, haijawaka, imenuna tu.
Ishushe kwanza hadi chini kabisa.
Uisikie imezima. Ndipo uipandishe."
Akaipapasa plagi. "Ina joto hii.
Ikianza kuwa kahawia, msingoje harufu.
Na kambi nzima ikiwasha hita, volti zikashuka mia na tano,
zimeni, hata kama ni zamu yenu."
Akaenda zake kulala.

Tangu hapo ikawa sheria:
mwenye kuwasha atangaze.
Nawasha kahawa! — Washa!
Nawasha kikausha nywele! — Ngoja, maji bado!
Lenora, nizime hita? — Zima, nina blanketi.
Siku nyingine tulikuwa hatujasema jingine
tangu alfajiri, ila hayo.
Kule nyumbani tulikuwa na ampea mia mbili.
Kila mtu na chumba chake, taa yake, televisheni yake;
miaka ilipita pasipo haja ya kuuliza
mwenzangu anatumia nini saa hii.

Sikusema kwamba umaskini ni mwalimu.
Nilichukia kuoga maji ya uvuguvugu.
Nilichukia kuhesabu mkate wa kuchoma.
Usiku mmoja, nyuzi kumi chini ya sifuri,
swichi iliruka mara tatu
na mara ya tatu nililia kwa hasira, soksi miguuni,
nimeshika tochi, theluji ikiingia vifundoni.
Gus alikuja akasimama upande wa upepo.
Hakuigusa swichi.
"Chini kwanza," alisema.
Nikaishusha mpaka chini.
Tukakaa hivyo kitambo, bila umeme,
kabla sijaipandisha.

Machi tulimtembelea mwanetu Kermit, Omaha.
Jiko kama uwanja wa ndege, taa hata ndani ya droo.
Nilitia uji wangu kwenye maikrowevu,
kidole juu ya kitufe, nikapaza sauti:
Nawasha!
Mke wa Kermit akageuka, kijiko mkononi,
akanitazama kama mgonjwa.
Na kutoka bafuni, ghorofa ya juu,
nyuma ya mlango, povu la ndevu mdomoni:
Washa!