Nipeni Wino

Saa nne asubuhi, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya pili.
Umeme umekatika tena, mashine za chini zimenyamaza,
nami nimesogeza kiti dirishani
nisome kurasa za Tunu Mlaponi kwa nuru ya bure.

Msichana huyu (namwita msichana, ana miaka arobaini na mitatu)
ameiba utenzi.
Ule tuliokaririshwa chuoni Magomeni,
kiboko kikihesabu mizani:

     Nipeni wino mweusi
     na karatasi nyepesi
     nitungie kwa upesi
     habari ya majabari.

Yule jabari aliyekata vichwa mia kabla ya adhuhuri,
Tunu kamvua panga, kamshusha na farasi,
kampa lori bovu lisilo na breki
na gunia la mchele wenye fukusi,
kampeleka Kagera, mwaka wa sabini na tisa.
Malaika waliokuwa wakishuka ubeti wa mia mbili
sasa ni mvua tu. Haisaidii upande wowote.

Nimecheka. Kisha nikafika sura ya sita.

Karani wa kikosi yuko chini ya turubai,
anaita, "Nipeni wino! Nipeni karatasi!"
Si kwa ajili ya utenzi.
Ana orodha. Kuna watu hawajaandikwa.

Nimevua miwani.
Chini, muuza vitenge anagombana na mteja kwa mia tano.

Tunu hajui. Nani angemwambia?
Mimi niliishika orodha kama ile,
na wino hatukuwa nao, wala hakuna aliyepaza sauti.
Tulikuwa na penseli ya seremala, bapa, nyekundu,
niliyoichonga kwa kisu cha vitunguu,
na jina la Hamduni Chitanda nililiandika mara mbili
maana la kwanza lilifutwa na jasho la kidole changu.

Kazi yangu ni herufi. Nukta, mkato, "r" iliyokalia kiti cha "l".
Nimeandika pembezoni, polepole:
wino? Ni penseli.
Nikaitazama.
Nikamkumbuka mwalimu na kiboko chake,
nikaona kwamba nikimpokonya karani wino wake
hakuna atakayeusikia utenzi kooni mwake;
atakuwa mtu tu, kwenye mvua, na penseli.
Kama mimi.

Nimefuta. Penseli haina ubishi.

Umeme umerudi, sakafu inatetemeka.
Sura ya saba, mstari wa tatu:
"majabari" imedondosha "a" moja.
Hiyo nimeirudisha.