Thelathini na Nne

Karatasi niliichapisha maktaba, senti kumi.
Baba akaibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la samaki:
thelathini na nne, kati ya thelathini na sita.
Kila anayefungua friji kutafuta maziwa
huisoma kwa sauti, kama bei.

Huku kwetu, kaskazini mwa Minnesota,
shimo la chuma ni pana kuliko mji wenyewe
na vumbi jekundu huingia hadi kwenye mkate.
Alama kama hizi hazijazoeleka.
Mama Zupancich alinikatia keki ya jozi, akakataa pesa.
Mchungaji alinitaja Jumapili,
katikati ya wagonjwa na wafiwa.

Ila Bi. Kerze, mshauri wa shule,
alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Tuuli, umefanya vizuri. Vizuri sana.
Lakini vile vyuo vya mashariki, unajua,
thelathini na tano hufungua mlango.
Thelathini na nne hupiga hodi."

Nikarudi nyumbani na hiyo alama moja
imenikaa kooni kama mwiba:
si wa kuniua, si wa kumezeka.

Usajili unafungwa Ijumaa, saa sita usiku.
Ada, dola sabini.
Baba amepunguziwa zamu tangu Oktoba.
"Pesa ipo," alisema,
kwa ile sauti anayoitumia pesa isipokuwepo.

Brenna amerudia mara tatu:
thelathini na moja, na mbili, na moja tena.
Hucheka akisimulia,
kisha hutafuna ukucha.

Ijumaa jioni tulikwenda ziwani.
Baba alizungusha keekee, akatoboa barafu,
akatumbukiza rula ya mbao.
"Inchi sita. Inambeba mtu."
Hatua ishirini mbele, akatoboa tena.
"Sita na nusu. Bado mtu. Gari, hapana."
Kwa nini upime tena, nikauliza,
na tayari inatubeba?
Akapenga kamasi.
"Inategemea umekuja na nini,"
halafu, kwa kuwa si mtu wa kufundisha,
akaanza kulalamikia bei ya chambo.

Nimekuja na nini?
Bura yangu ninayo mkononi.
Rehani naiona kwa mbali, inang'aa,
na sijui kama inang'aa yenyewe
au ni macho yangu.

Saa tano na nusu usiku.
Kadi ya baba iko mezani, namba juu.
Nimejaza jina. Nimejaza tarehe ya kuzaliwa.
Ndipo likanirudia lile swali,
moja kati ya niliyoyakosa:
chombo chenye umbo la pia, ncha chini, kinavuja.
Kina cha maji kimebaki nusu.
Maji yenyewe yamebaki kiasi gani?

Nilijibu robo.
Nilijibu haraka, kama mtu anayejua.

Nikaenda jikoni, nikachukua faneli ya mama,
nikaziba tundu kwa kidole.
Nikaijaza pomoni, nikamimina kwenye jagi la kioo,
nikatia alama kwa penseli mahali maji yalipofika,
nikayamwaga.
Kisha nusu ya kina, nikamimina.
Tena nusu. Tena.
Mara ya nne jagi lilikuwa bado, bado kabisa.
Mkono wa sweta umelowa hadi kiwiko.
Ya tano. Ya sita.
Ya saba nikajikuta natabasamu peke yangu,
na sikuwa nimetabasamu tangu Jumatatu.
Ya nane, maji yakagusa mstari.

Thumuni. Ilikuwa thumuni.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake nene.
"Unafanya nini, mtoto wewe?"
"Nane," nikamwambia. "Zinaingia nane."

Akatazama kadi mezani.
Akatazama saa ya jiko: sita na dakika tisa.
Akavuta stuli, akakunja mikono ya shati,
akanipokonya faneli.
"Hebu," akasema. "Anza upya. Nione."