Kistaleti

Kilima cha Kibosho kilitudharau:
gia ya kwanza, moto hadi mwisho,
na bado bodaboda zikatupita
zimebeba mikungu ya ndizi.

Nilikuwa na elfu arobaini.
Fundi Anaeli wa Pasua hakucheka.
Akasugua plagi kwa msasa,
akakung'uta chujio la hewa,
vumbi la kiangazi kizima,
akajaza tairi upepo, akafungua buti.

"Na hili?"

Jeki ya lori la marehemu baba.
Lori tuliliuza mwaka ule ule wa msiba.

"Farasi wako wamefungwa hapa," akasema.

Nikaiacha juu ya gunia.
Kistaleti kikapanda kwa gia ya pili,
kikikohoa kidogo tu.

Juu, kanisani, nikageuza
kuirudia.
Kwenye mteremko, hata jeki haina uzito.