Pete Moja

Eleuterio Barría huzamia vizimba vya samoni
kusini ya Puerto Montt, mita ishirini na nane,
kuokota wafu kabla hawajawaambukiza wazima.
Julai hii maji yana nyuzi tisa.
Saa yake ya zamani ilikunywa bahari;
ukungu ukapanda ndani ya kioo,
akrabu zikagoma saa nne na dakika kumi na moja,
na tangu siku hiyo huuliza wakati
kwa kuvuta kamba mara mbili
na kungoja walio juu wakumbuke kujibu.

Jumamosi. Mfukoni ana peso laki moja na nusu.
Elfu ishirini na tano ni za mtungi wa gesi,
hizo haziguswi.

Nivaldo Oyarzún anamtandazia saa juu ya taulo la kijani.
Kizuri chajiuza, lakini Nivaldo hawezi kunyamaza:
"Hii imeandikwa mita thelathini.
Thelathini za kwenye karatasi.
Hiyo ni ya kunawia mikono."
Anaisukuma kando kwa kidole kimoja.

Eleuterio anaeleza haja yake, akitazama chini,
kana kwamba anaomba mkopo.
Binti yake, Yasna, anasomea uuguzi Auckland.
Mdogo wake, Belarmino, anaendesha tramu Gothenburg.
Mara mbili amempigia binti katikati ya mtihani.
Mara moja alimwamsha Belarmino usiku wa manane
kumwambia kwamba mbwa amezaa.
Anataka saa inayowajua wote watatu
na isiyokunywa.

"Basi tazama," anasema Nivaldo.
"Hii ina akrabu ya nne, na pete ya saa ishirini na nne.
Zungusha pete, una mji wa tatu.
Ila chini ya maji hutajua umekaa dakika ngapi.
Na hii nayo ina akrabu ya nne,
lakini pete yake ni ya dakika sitini,
inageukia upande mmoja tu.
Wavu ukiigonga, itakosea kwa kukunyima muda.
Haitakosea kwa kukupa.
Pete ni moja, Eleuterio.
Hesabu pumzi, au hesabu watu."

Ziko zenye pete mbili, ya pili ndani ya kioo.
Ziko dirishani, na bei zake zimegeuzwa chali.

Anaizungusha ile ya dakika.
Trrr, trrr. Sauti ya panzi mkavu.
Anarudi kwenye ile ya miji, anairudisha,
anauliza kama mkanda utazunguka mkono wa suti,
anauliza tena, ingawa ameshajibiwa.
Kisha anatulia.

"Gothenburg iko mbele yetu saa ngapi?"
"Sita. Wakati huu wa baridi."
Anaweka kucha juu ya nane, anavuka kioo, anatua kwenye mbili.
"Basi Belarmino hahitaji pete.
Yuko ng'ambo ya namba, siku zote."

Hapo mimi ninayesimulia nikacheka peke yangu,
maana nimezaliwa katika lugha
inayosoma saa hivyohivyo:
akrabu ikigusa nane, sisi tunasema mbili,
na hakuna mtoto wetu aliyewahi kuona ajabu.

Akalipa laki moja na elfu kumi na nane
baada ya kubishania elfu mbili kwa robo saa.
Nivaldo akampa mkanda wa mpira bure, mrefu,
wenye harufu ya tairi.

Usiku, saa mbili, jikoni, gesi ikiwaka,
akrabu nyekundu imening'inia chini kabisa:
kwa Yasna ni adhuhuri, tena ni kesho.
Belarmino amelala. Amwache.
Anabonyeza jina la binti,
na simu inapoita anaigeuza pete polepole,
trrr, mpaka alama ikae juu ya dakika,
kwa mazoea tu,
kama mtu anayeshuka.

Septemba Chile itasogeza saa
na hesabu ya kucha itavunjika.
"Aló, papá? Mbona unapumua hivyo?"